Uma wa Sauti wa Baba

Rothesay, Jumatatu, 7 Juni 1954

Leo ni miaka arobaini na minne na miezi tisa tangu nipande mashua ya barua na kukiacha kisiwa chetu cha Langasay. Mimi huhesabu hivi kila msimu wa maonyesho unapoanza. Nilikuwa na miaka ishirini. Sasa nina sitini na mitano, na bango lililobandikwa gatini linasema NORMAN STRATH, TENORI WA VISIWANI, mstari wa tano kutoka juu. Mwaka 1926, nilipokuwa nikiimba opera nyepesi kutoka Aberdeen hadi Plymouth, nilikuwa mstari wa kwanza, kwa wino mwekundu. Jina lenyewe si langu. Kwetu naitwa Tormod MacSween, lakini meneja wangu wa kwanza alisema hakuna atakayekata tiketi kumsikiliza mtu asiyeweza kumtamka.

Tuna wiki kumi na nne mbele yetu: maonyesho mawili kwa siku, programu mpya kila Jumatatu na Alhamisi. Chumba cha kupanga ni kilekile cha juu nyumbani kwa Bi Haddow, chenye dirisha lisilofungika. Kwenye piano yupo Netta Crombie, mwaka wetu wa ishirini na mbili pamoja. Mchekeshaji ni Tosh Renwick, ambaye hanipendi, nami simlazimishi.

Mvua tangu asubuhi. Ukumbi ulijaa. Katika mji huu wote ni sisi wa jukwaani tu tunaoomba mvua. Jua likitoka, watu wa Glasgow waliokuja mapumzikoni hubaki ufukweni nasi tunaimbia viti.

8 Juni

Mvua. Ukumbi ulijaa.

Alhamisi, 10 Juni

Asubuhi ya programu mpya kila msanii hupanga vitabu vya noti vya wapiga ala ukingoni mwa jukwaa, kwa mstari, na aliyewahi ndiye anayefanya mazoezi kwanza. Miaka yote vyangu nimevipanga mwenyewe. Leo nilimkuta Netta ameshavipanga.

"Magoti yako hayo, Norman," alisema. "Kuinama niachie mimi."

Nilimshukuru. Wimbo wangu wa kufungia, "Kilima Nilichokiacha", niliunakili kwa mkono wangu mwaka 1931, kitabu kwa kitabu, na mazoezini hauimbwi kwa sababu kila mtu anaujua. Unaishia kwenye la ya juu, noti ya sita ya do-re-mi. Noti ile ndiyo iliyonilisha baada ya filamu za sauti kuziua kampuni za opera. Mwaka jana ilikuwa ikinitoka kama bawaba yenye kutu. Nilijua, Netta alijua, na hatukuzungumza.

Jumapili, 20 Juni

Barua ya Effie, dada yangu mdogo, pamoja na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa uzi wa sufu. Kisiwa kimebaki na watu thelathini na mmoja. Mzee Ruairidh, aliyekuwa akianzisha zaburi kanisani, alifariki Januari, na tangu hapo zaburi zinasomwa tu. Kanisani kwetu hakuna kinanda wala ala yoyote. Mtu mmoja huutupa mstari peke yake, kusanyiko likaupokea kutoka pale alipouweka. Bila mtu huyo hakuna wimbo.

"Ibada ya Meza ya Bwana ni tarehe kumi na tisa Septemba," anaandika. "Wazee wa kanisa waliobaki ni wawili. Wanajua umekuwa mtu wa jukwaa. Wameliombea jambo hilo wiki tatu na wamekubali. Kiti cha Baba cha kuanzishia zaburi kiko wazi, Tormod. Nisingependa kuzikwa kwa kusomewa."

Ndani ya kifurushi mlikuwa na uma wa sauti wa Baba: kichuma chenye meno mawili. Ukiugonga gotini na kuuweka sikioni, hutoa noti moja tu, la, na noti hiyo haibadiliki kwa umri wala kwa hali ya hewa. Sikuugonga. Mara ya mwisho kuusikia nilikuwa na miaka kumi na tisa, na siku ile sitaki kuiandika.

Nimemjibu kwamba nitafikiri. Mtu ambaye la yake inakwaruza hana haki ya kukaa kiti kile.

Jumatatu, 28 Juni

Imerudi. Sijui niandike vipi bila kujiaibisha. Nilikuwa nimejikaza kama kawaida, nikapanda, na noti ilikuwa pale inanisubiri. Niliikalia kama mtu anavyokalia kiti chake mwenyewe. Watu walipiga miguu sakafuni.

Tosh alikuwa pembeni akivaa pua yake ya bandia. "Mzee, leo umekula nini?"

"Uji wa shayiri."

"Basi Bi Haddow aniuzie gunia."

Nilidhani ananikejeli. Alikuwa akimtazama Netta, si mimi.

30 Juni

Mvua. La safi mara mbili.

Jumapili, 4 Julai

Chai kwa Bi Haddow, na samaki wa heringi waliokaangwa kwa unga wa shayiri. Netta alikuja na vidole vyenye wino mpaka kwenye viungo.

"Tazameni," Tosh akasema. "Bibie anamwandikia nahodha wa meli."

"Namwandikia mama yako," Netta alisema, "aje akuchukue."

Bi Haddow alicheka hadi akaweka birika chini. Mimi sikucheka sana. Ni Jumapili ya tatu namwona na wino ule. Miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumuuliza kama ana mtu.

Alhamisi, 8 Julai

Siku kumi bila kukosa hata mara moja. Inazidi kuwa nyepesi. Ningeweza kuishika nikiwa nimelala chali. Daktari wa koo aliniambia mwaka juzi kwamba sauti ikishuka haipandi. Nitampelekea tiketi.

Leo nimemwandikia Effie: nakuja. Meli ya Jumatano, 15 Septemba. Nikitia barua kwenye sanduku nilijikuta nimevua kofia.

12 Julai

Jua. Tuliimbia viti.

Jumatatu, 19 Julai

Likizo ya Glasgow imeanza Jumamosi na mji umefurika. Wanalala watatu kitanda kimoja. Mvua kubwa, ukumbi umejaa mpaka ngazini.

Mpiga tarumbeta wetu anaumwa, na ofisi ikamleta mwingine kutoka Paisley, mtu mrefu aitwaye Cairns, baba wa watoto watano. Meli yake ilichelewa. Alifika pazia likikaribia kufunguliwa, Netta akiwa ameshakaa kwenye piano.

"Sina kitabu chako cha wimbo wa mwisho, mzee," aliniambia.

Cha yule mgonjwa hakikuonekana. Kwa bahati ninayo seti ya akiba kwenye sanduku langu. Nikampa cha tarumbeta, akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti.

Tarumbeta huingia mwishoni tu, kunipandisha kwenye noti ya mwisho. Beti mbili nilikuwa mzima kuliko nilivyopata kuwa. Kisha tarumbeta likaingia juu yetu sote kama mtu aliyekosea nyumba. Fidla ilisita. Netta alipiga kwa nguvu ili kulifunika. Mimi nilipanda, sikujua nafuata nani, na noti ilipasuka mbele ya watu mia tisa.

Wakacheka. Watu wa Glasgow hawana ubaya, ila hawafichi kitu. Hapo Tosh akakimbia jukwaani na ndoo, akaiweka chini ya tarumbeta la Cairns, akasema, "Samahani mabibi na mabwana, paa linavuja!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Pazia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, Bwana Lumsden, nikiwa bado na kilti, sketi ya kiume ya Kiskoti. Cairns alikuwa ameitwa, kofia mkononi.

"Ni yeye au mimi," nilisema.

"Norman, acha," Netta alisema kutoka mlangoni. Uso wake ulikuwa kama karatasi. "Ni noti chache tu."

"Ni noti zangu."

Cairns alimtazama Netta. Netta akatazama sakafu. Cairns akasema, "Kosa ni langu, bwana," akavaa kofia, akatoka. Amekubali upesi mno. Mwenye hatia hana la kujitetea. Kesho anakuja mtu kutoka Greenock.

Na Tosh sitamsamehe ile ndoo.

20 Julai

Mtu wa Greenock amekuja. Netta alimpa kitabu mwenyewe. La safi.

21 Julai

Mvua. La safi.

Jumapili, 1 Agosti

Netta amenuna tangu Likizo. Nilimwambia nakwenda Langasay Septemba, na kwa nini. Akauliza, "Kule kuna piano?"

"Hakuna kitu. Sauti tu."

"Wala mtu wa kukushikia noti?"

"Mimi ndiye wa kuwashikia wengine, Netta."

Aliinuka akalisukuma dirisha lisilofungika. Kama anaona wivu kwamba naenda pasipomhitaji, hilo siwezi kumsaidia.

9 Agosti

Jua siku ya nne. Watu thelathini na wawili, na mbwa mmoja. Hao ni mmoja zaidi ya Langasay yote, bila kuhesabu mbwa.

Jumapili, 15 Agosti

Bi Haddow aliniomba nimwimbie zaburi jikoni, kama zitakavyokuwa. Nilianza, nikaacha. Sikujua nianzie wapi. Miaka arobaini na minne kuna mtu amekuwa akinipa noti ya kwanza. Kesho nitauchukua uma wa Baba niende nao ukumbini, ili kati ya maonyesho nifanye mazoezi ufukweni.

Jumatatu, 16 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Onyesho la kwanza. Niliimba "Kilima", noti ya mwisho ikakaa vizuri, pazia likashuka. Uma ulikuwa kwenye soksi yangu, mahali ambapo mvaa kilti huchomeka kisu kidogo. Netta alikuwa bado ameishika ile noti kwenye piano, mguu ukiwa juu ya pedali ili iendelee kulia. Nilitaka kusikia la ya Baba na la yangu zikikaa pamoja. Yalikuwa majivuno. Niligonga uma gotini, nikauweka sikioni.

Uliimba juu yangu, tena mbali.

Nilidhani nimeugonga vibaya. Nikaugonga tena. Uma hauna vibaya.

Kati ya maonyesho, wote walipokwenda kunywa chai, niliketi kwenye piano nikaitafuta kwa kidole noti niliyoimba. Iko vitufe vitatu chini ya la, ukihesabu vyeupe na vyeusi. Vitatu. Kisha nikafungua vitabu vya wapiga ala. Hakuna hata kimoja chenye mwandiko wangu. Ni mwandiko wa Netta, nadhifu, seti tatu, kila moja ikiwa kitufe kimoja chini ya iliyotangulia. Kwenye pembe ameandika tarehe kwa penseli: 20 Juni, 27 Juni, 4 Julai. Jumapili zote za wino.

Nilivirudisha kama vilivyokuwa. Onyesho la pili niliimba. Nilijua kila mtu anajua: mtu wa fidla, wa ngoma, yule wa Greenock. Tosh pia, pembeni na pua yake. Walinitazama kama watu wanavyomtazama mtoto akivuka mto juu ya mawe. La safi. Watu walipiga miguu.

17 Agosti

Mvua. Nimeimba.

Jumatano, 18 Agosti

Siku ile niliyosema sitaiandika.

Septemba 1908, ibada ya Meza ya Bwana, kanisa limejaa hadi watu wa visiwa jirani. Baba alikuwa mwanzishaji wa zaburi mwaka wa thelathini. Siku ile hakuutoa uma mfukoni, alijiamini. Akaanza juu mno. Mwanzishaji akianza juu, kanisa zima linakwama naye, na sheria ya kwetu ni kwamba unakwama naye mpaka mwisho. Mstari wa tatu sauti yake ilikatika. Wanawake walinyamaza mmoja mmoja. Nilikuwa nimekaa benchi la nne. Nilimhurumia. Nikaupokea mstari chini, mahali panapofikika, na kanisa lote likashuka na mimi.

Tulimaliza vizuri. Nje, mbele ya ukuta wa makaburi, aliugonga uma gotini, akausikiliza muda mrefu, akautia mfukoni. Akasema, "Umenishusha mbele ya watu." Hakukaa tena kiti kile. Wala hakunisemesha mwaka mzima, mpaka mashua ya barua. Watu wa magazeti nimekuwa nikiwaambia alinifukuza kwa sababu ya jukwaa. Wakati ule sikuwa nimewahi hata kuliona jukwaa.

Nilimwona mwenye kiburi, kwa miaka yote hii. Sikujua kwamba kilichomuuma hakikuwa sauti. Sauti kuchoka ni jambo la kila mtu. Alikuwa ameanza pasipostahili na hakusikia.

Ijumaa, 20 Agosti

Nilimwambia Bwana Lumsden kitabu cha Cairns nilimpa mimi, na kilikuwa cha zamani. Alikuna kichwa. "Sasa unataka nifanyeje, Bwana Strath? Wa Greenock ana mkataba. Na wewe ndiye uliyesimama hapa ukataka aondoke."

Jumamosi, 28 Agosti

Nilimwona Cairns. Anapiga kwenye bendi ndogo ya meli ya matembezi, watatu, chini ya turubai. Nilisubiri gatini mpaka washuke.

"Mzee Strath," alisema. "Mvua yako hiyo imerudi."

"Siku ile ulipiga kwa ufunguo gani, wa juu au wa chini?"

"Ule ulioandikwa."

"Na nani?"

Alitazama maji. "Na wewe, mzee. Jina lako liko juu ya ukurasa. Mwaka 1931."

"Ulijua?"

"Nilipoingia tu. Nikasema, hapa kuna mtu hayuko mahali pake, na wao ni wengi." Alicheka kidogo. "Kisha nikamwona yule mama wa piano."

"Kwa nini hukusema? Ulikuwa na haki yako."

"Ningesema nini? Niseme mbele yako? Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa kuunganisha mabamba ya meli. Alipoanza kupofuka, wenzake walikuwa wanampimia. Alikufa anajisifu hajawahi kukosea inchi."

"Niliomba ufukuzwe, Cairns."

"Najua. Nilikuwepo." Kengele ikalia, akachukua tarumbeta. "Uliimba vizuri lakini. Ule ubeti wa pili. Haijalishi ulikuwa wapi."

Meli iliondoka wakipiga wimbo wa kucheza.

30 Agosti

Tosh aliniletea chai chumba cha kuvalia, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Ile ndoo," alisema, "haikuwa juu yako."

"Najua ilikuwa juu ya nini, Tosh."

Akanitazama. Akaelewa kwamba najua, akaelewa pia kwamba sitasema. "Bibie hajui kwamba unajua?"

"Hapana."

"Basi imba, babu," alisema, akavaa pua.

Jumapili, 5 Septemba

Nimemwandikia Effie mara tatu. Ningeweza kumwambia sauti imekwisha, naye angejibu: nani ameomba sauti? Anza chini. Yeye ni mwepesi wa akili. Kwa hiyo nimemwambia ukweli. Sauti ingetosha. Tatizo ni sikio. Niliimba wiki saba mahali nisipojua na niliapa niko nyumbani. Uma utanipa la, na baada ya la nitakuwa peke yangu. Kabla ya mstari wa pili nitakuwa nimewapeleka wazee wa watu wasikoweza kufika. Baba alikuwa nami wa kumshusha, pale benchi la nne. Pale hakuna aliyebaki wa kunishusha.

Jumamosi, 11 Septemba

Mwisho wa msimu. Mvua, ukumbi ulijaa. Niliimba "Kilima" vitufe vitatu chini ya nilivyouandika, na nikaushika mwisho mpaka Netta akainua macho kutoka kwenye piano akatabasamu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika na mzigo bila kuuangusha.

Pazia liliposhuka alisema, "Umeona? Bado unayo."

Kulikuwa na jambo moja tu la kusema, nami nilikuwa na miaka arobaini na mitano ya kulifikiri.

"Ninayo," nilisema. "Asante, Netta."

Jumatano, 15 Septemba

Bi Haddow aliniamsha akidhani nina safari. Nilimwambia alale.

Jana nilipeleka posta kifurushi kilichofungwa kwa uzi uleule wa sufu. Huenda yupo mtoto kule, mjukuu wa mtu, anayesikia vizuri. Ndani niliweka uma na barua. Kitafika kwa meli ya leo, ambayo ningekuwemo. Jumapili watazisoma zaburi.

Hakuna mvua. Sitarudi Langasay.